Kusoma Aeneis: Sarufi, Ufundi na Dhamira za Utenzi wa Kilatini

Utenzi wa Kilatini ulianzia kwenye tafsiri. Katika karne ya 3 KK, Livius Andronicus, Mgiriki kutoka kusini mwa Italia, aliigeuza Odyssey ya Homer kuwa Kilatini, akitumia mizani ya kienyeji ya Waroma. Baadaye akaja Quintus Ennius, aliyezaliwa mwaka 239 KK. Huyu alikuwa akisema kwamba ana mioyo mitatu, kwa sababu alijua lugha tatu: Kigiriki, Kioski na Kilatini. Ennius aliiacha mizani ya kienyeji, akachukua mizani ya Wagiriki iitwayo heksamita na kuitumia kutunga historia nzima ya Roma katika vitabu 18, alivyoviita Annales. Kazi hiyo imepotea, yamebaki mabaki ya mishororo kama 600 tu. Utenzi uliokaa mikononi mwa walimu na wanafunzi kwa miaka 2,000 ni Aeneis ya mshairi Mroma Virgil, wenye vitabu 12 na mishororo karibu 9,900. Anayetaka kujua tenzi za Kilatini zinavyosomwa hana pa kuanzia pazuri zaidi.

Kinachomkwamisha msomaji mgeni kwanza ni mpangilio wa maneno. Katika Kilatini, nomino hubeba mwishoni mwake alama inayoonyesha kazi yake katika sentensi. Ukisema nauta puellam amat, baharia anampenda msichana. Ukigeuza ukasema puellam nauta amat, mwenye kupenda ni baharia yule yule, maana herufi m mwishoni mwa puellam imeshatangaza kwamba msichana ndiye mtendwa. Washairi wa Kiswahili wana ruhusa yao ya kuboronga sarufi ili kupata kina au mizani. Mshairi wa Kilatini anapopangua maneno haborongi chochote, kwa kuwa lugha yenyewe inamruhusu. Basi hukitia kivumishi mwanzoni mwa mshororo na nomino yake mwishoni kabisa, na msikilizaji akabaki akingoja kujua ni kitu gani kinachosifiwa. Umbo moja lililopendwa sana huweka vivumishi viwili mbele, kitenzi katikati, na nomino mbili nyuma. Anayetafsiri neno la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu hufika mwisho akiwa mikono mitupu. Ndiyo maana walimu wengi humwambia mwanafunzi atafute kitenzi kwanza, kisha kiima, ndipo akusanye yaliyobaki. Virgil huongeza ugumu kidogo kwa kuchomeka maumbo ya kale, kama vile olli badala ya illi, ambayo hata Waroma wa zama zake waliyasikia kama lugha ya mababu.

Baada ya sarufi huja mizani. Utenzi wa Kiswahili huhesabu silabi, nane kwa kila kipande, na kufungwa kwa vina. Heksamita haina vina, na inachopima ni urefu wa silabi. Silabi ni ndefu ikiwa irabu yake ni ndefu, au ikiwa irabu hiyo kwa kawaida inafuatwa na konsonanti mbili. Ndefu moja huchukua muda wa fupi mbili. Mshororo una mapigo sita, na katika manne ya kwanza mshairi huchagua kati ya ndefu moja yenye fupi mbili na ndefu mbili. Pigo la tano karibu kila mara ni ndefu na fupi mbili, na la sita lina silabi mbili tu. Kwa hiyo mshororo mmoja unaweza kuwa na silabi 13 na unaofuata 17, na yote miwili ikadumu muda ule ule. Katika kitabu cha 8 kuna mshororo wa wapanda farasi wakipita uwandani, ambao mapigo yake matano ya kwanza yote yana silabi fupi, na mlio wa kwato unasikika humo. Nyuma kidogo, katika kitabu hicho hicho, majitu yenye jicho moja yanainua mikono kufua chuma, na mapigo manne ya kwanza ni silabi ndefu tupu. Mshororo huo hausomeki kwa haraka hata mtu akijaribu.

Shuleni haya yote yalifundishwa pamoja, na Afrika ya Kaskazini ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya somo hili. Priscianus, mwanasarufi anayehusishwa na Kaisaria ya Mauretania, ambayo leo ni Cherchell nchini Aljeria, alifundisha Konstantinopoli mwanzoni mwa karne ya 6. Aliandika kitabu kinachochukua mshororo wa kwanza wa kila kitabu cha Aeneis, yaani mishororo 12 tu, na kuichambua kwa maswali na majibu. Mshororo wa kwanza unaanza kwa kupimwa mapigo. Kisha mwalimu anauliza una maneno mangapi, na jibu ni tisa. Anauliza nomino ni ngapi, naye huhesabu sita, kitenzi kimoja, kihusishi kimoja na kiunganishi kimoja. Baada ya hapo anarudi kwenye neno la kwanza, arma, lenye maana ya silaha, na kuuliza jinsia yake, idadi yake, na ni kanuni gani inayothibitisha majibu hayo. Ni kazi kavu, hakuna ubishi. Lakini aliyepita humo hakuwa na neno lililomponyoka.

Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, alilelewa katika mfumo huo kwenye karne ya 4, huko huko Aljeria ya leo. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi alivyopewa shuleni zoezi la kuyasema kwa nathari maneno ya mungu wa kike Juno, aliyekasirika kwa kushindwa kuwazuia Watroya wasifike Italia. Mtoto alisifiwa kadiri alivyoonyesha hasira na uchungu unaolingana na cheo cha msemaji. Somo la ufundi wa lugha lilikuwa hilo: kutambua nani anasema, kwa hadhi gani na kwa hisia gani.

Ufundi wa Virgil unaonekana hata katika tashibihi zake. Homer hupenda kumlinganisha binadamu na simba, moto au mawimbi. Tashibihi ya kwanza ya Aeneis inafanya kinyume: bahari iliyochafuka inatulizwa na Neptunus, mungu wa bahari, kama ghasia za watu mjini zinavyotulizwa na mzee mwenye heshima. Wasomaji wa kwanza walikuwa wametoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoamuliwa huko Actium mwaka 31 KK, na hawakuhitaji kuelezwa ghasia ni nini.

Hapo ndipo dhamira zinapoingia. Aeneas, shujaa Mtroya wa utenzi huu, anasifiwa kwa pietas, yaani kuwatimizia wajibu miungu, wazazi na taifa. Troya inapoungua, yeye anambeba baba yake mabegani na kumshika mwanawe mkono. Wajibu huo huo unamfanya amwache Dido, malkia wa Karthago katika Tunisia ya leo, naye anajiua baada ya kuomba mlipiza kisasi atokee katika mifupa yake. Kila Mroma alimtambua katika dua hiyo Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma. Mwanasarufi Servius, aliyeandika maelezo yake karibu mwaka 400, aliona kwamba Virgil alikusudia kumwiga Homer na kumsifu Augusto, mtawala wa Roma, kupitia mababu zake. Hilo ni kweli kwa sehemu, ila mwisho wa utenzi haukai vizuri ndani ya sifa. Turnus, adui aliyeshindwa, anaomba msamaha, na Aeneas anaanza kulegea. Kisha anauona mwilini mwa Turnus mkanda wa Pallas, kijana wa upande wake aliyeuawa na Turnus, naye kwa hasira anamchoma adui huyo kwa upanga. Mshororo unaofunga kazi nzima ulikwisha kutumika, neno kwa neno, katika kitabu cha 11 kwa kifo cha Camilla, msichana shujaa wa upande wa adui. Mshairi hatoi hukumu yoyote baada ya hapo, na wasomaji wangali wanabishana.

Virgil alifariki Brundisium mwaka 19 KK, akiacha mishororo zaidi ya 50 isiyotimia na agizo kwamba kazi ichomwe. Augusto alikataa. Ovid alifuata na Metamorphoses, vitabu 15 vya visa vya watu wanaogeuzwa wanyama, miti na mawe. Lucan, aliyelazimishwa na mtawala Nero kujiua mwaka 65 BK akiwa na miaka 25, alitunga utenzi wa vita vya Kaisari na Pompeius ambao miungu hawaongozi matukio yake.

Tenzi za Kilatini ziliendelea kutungwa barani Afrika hadi karne ya 6, Corippus alipowatungia wakuu wa Karthago utenzi wa vitabu 8 juu ya vita vya jemadari John dhidi ya Wamoor. Ni Karthago hiyo hiyo aliyoondokea Heraclius kwenda kutwaa kiti cha enzi cha Konstantinopoli mwaka 610, na Heraclius ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate. Waarabu waliichukua Karthago mwaka 698, na Kilatini kikafifia pwani hiyo. Huko Ulaya, monasteri ziliendelea kunakili sarufi ya Priscianus kwa mamia ya nakala, na katika karne ya 14 mshairi Mwitalia Petrarca akajaribu tena heksamita ya Virgil katika utenzi kuhusu Scipio, mshindi wa Hannibal. Aliupa jina Africa, na alipofariki mwaka 1374 ulikuwa haujakamilika.