Umeme na Ghorofa za Nikeli

Waya wowote wa kawaida unaopitisha umeme hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea njiani kabla haujamfikia aliyeulipia. Tangu mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes alipoipoza zebaki kule Leiden, Uholanzi, imejulikana kwamba vipo vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Taabu ni hiyo baridi.

Ndiyo maana Julai 2023 habari kutoka China zilitegewa sikio. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen waliibana fuwele ya lantanamu, nikeli na oksijeni kati ya ncha mbili za almasi, kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 140,000 na zaidi. Dalili zikaonekana kwenye nyuzi 193 chini ya sifuri. Msicheke. Baridi hiyo hupatikana kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi mno kuliko heliamu.

Fuwele hiyo imejengwa kama jumba la ghorofa. Ilidhaniwa kwamba matabaka ya nikeli hukaa mawili mawili, na kwamba mgandamizo hukinyoosha kiungo kilichopinda kati yao, kutoka pembe ya nyuzi 168 hadi 180. Maelezo mazuri. Lakini mwaka 2024 zilitoka ripoti kwamba vipande vingine vimepangwa moja, tatu, moja, tatu. Pigeni hesabu: mbili na mbili ni nne, moja na tatu ni nne vilevile! Mkemia anayepima kiasi cha kila elementi haoni tofauti. Basi ni jumba lipi linalopitisha umeme?

Swali hili lina uzito. Asiyejua ni mpangilio upi unaofanya kazi atabaki kubahatisha, na mwaka huohuo wa 2023 madai ya LK-99 kutoka Korea Kusini yaliporomoka kwa wiki chache tu.

Baadaye mwaka 2024 mizani ilielemea kwenye mawili mawili. Sehemu ya lantanamu ilibadilishwa kwa praseodimi, matabaka yakatulia, na chini ya mgandamizo sehemu kubwa ya fuwele ikapitisha umeme bila ukinzani. Desemba, wataalamu wa Stanford wakaotesha utando mwembamba juu ya fuwele nyingine inayoubana kwa ubavuni. Almasi hazikuhitajika tena, ila baridi iliyotakiwa ni kama nyuzi 230 chini ya sifuri, na huko naitrojeni ya kimiminika haifikishi.