Mafunzo ya Ulinzi wa Maliasili kwa Njia ya Simu

Leo nitazungumza nanyi juu ya vijana wetu waliomaliza kidato cha nne na wanaotaka kazi ya kulinda misitu, wanyamapori, maji na mazingira. Siku hizi mafunzo ya kazi hizo hutolewa pia kwa intaneti, nayo simu ya mkononi yatosha kuyapata. Je, mzazi ayaamini? Ayalipie?

Nina sababu ya kuuliza. Baada ya mavuno, mzee mmoja wa hapa Nanyala alinijia asubuhi na mapema, simu mkononi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba, bwana shamba. Hebu nisomee hii. Kijana anasema kuna mafunzo ya uaskari wa misitu, wiki sita tu, unasoma kwenye simu. Ukimaliza unapewa cheti na kazi serikalini. Wanataka laki tatu kabla ya Ijumaa. Mnunuzi wa mahindi nimeshampata."

Nikamwambia, "Kaa kwanza mzee, mahindi yasitoke ghalani." Tukasoma pamoja, mstari kwa mstari. Jina la chuo halikuwapo. Mahali kilipo chuo hapakutajwa. Kilichoandikwa wazi ni namba ya kutumia pesa tu.

Ndugu wakulima, kujifunza kwa mbali si jambo geni kwetu, wala si jambo baya. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza somo, wakasoma kijitabu, wakajadiliana. Kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio ilileta somo, lakini faida ililetwa na jembe. Mafunzo ya simu nayo tuyapime kwa kipimo hicho hicho.

Sasa tufuatane hatua kwa hatua.

Kwanza, yapo masomo ya bure yaliyo ya kweli. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina masomo ya intaneti juu ya misitu, udongo, maji na mabadiliko ya tabianchi. Shirika la IUCN nalo, kupitia mpango wake wa PAPACO, lilianza mwaka 2015 kutoa masomo ya bure juu ya hifadhi za Afrika na kazi za wahifadhi. Mwanafunzi akifaulu maswali, hupata cheti cha kumaliza somo. Masomo ya PAPACO yalitolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mengi ya FAO pia ni ya lugha za kigeni. Kwa hiyo kijana akae na kamusi, au wasome wawili watatu pamoja kwa simu moja na bando moja, kama wazee walivyofanya kwa redio.

Pili, tuelewe cheti hicho kina nguvu gani. Kinaonyesha kwamba kijana ana hamu na amejifunza kitu. Hakichukui nafasi ya cheti cha chuo. Kazi ya misitu husomewa katika chuo cha Olmotonyi, Arusha, kilichoanza mwaka 1937. Uaskari wa wanyamapori husomewa Pasiansi, Mwanza. Usimamizi wa wanyamapori husomewa Mweka, Kilimanjaro, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963. Ufugaji wa nyuki una chuo chake Tabora. Na huku kusini, Likuyu Sekamaganga, wilaya ya Namtumbo, hufundishwa askari wa wanyamapori wa vijiji. Kazi hizi zina mazoezi ya porini, na hayo huwezi kuyafanya kwenye kioo cha simu. Anayetaka kusoma kwa mbali hadi digrii, kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hicho kina vituo mikoani.

Tatu, kabla ya kulipa hata senti moja, hakikisha chuo kimesajiliwa. Baraza la NACTVET lina orodha ya vyuo vya ufundi na sifa za kujiunga. Kijana aitazame orodha hiyo mwenyewe, au aje kwa afisa ugani au kwa mwalimu wa sekondari wasaidiane.

Nne, kazi ya serikali hainunuliwi. Nafasi hutangazwa wazi na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Mtu akikuambia ulipe ili upate kazi ya Wakala wa Misitu, huyo ni mwizi, hata kama anaongea vizuri namna gani. Na akikuharakisha, "leo leo, kesho nafasi zinaisha," basi zima simu ukapalilie.

Haya, mzee wetu ilikuwaje? Mahindi hakuuza. Kijana wake akaanza somo moja la bure, juu ya vyanzo vya maji. Nikampa kazi ya mikono ya kufuatana nalo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, au zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Nikamwambia achukue kamba, apime kijito chetu, aandike alichokikuta.

Akapima siku mbili. Cha kwanza kukutwa ndani ya mita 60 kilikuwa kinyungu cha baba yake mwenyewe!

Mzee alikasirika, msifikiri alicheka. Alisema, "Kumbe nilitaka kulipa laki tatu mtoto afundishwe kunifukuza kwenye kabichi zangu!" Siku ya tatu alikuja mwenyewe kuuliza apande nini badala yake. Nikamwambia aache mikaratusi mbali na maji, maana inakunywa mno. Kando ya kijito apande miti ya asili, kama mikuyu, na bustani aisogeze juu. Kabichi zilizobaki atavuna, kisha hatalima tena pale. Kijana amepeleka vipimo vyake kwa mwenyekiti wa kijiji, kamati ya mazingira ivione. Chuo ataomba muhula ujao. Na mahindi ya ada bado yapo ghalani.

Ndugu wakulima, mfanyeni kijana wenu hivyo hivyo. Asome bure kwanza. Somo aliguse kwa mikono hapa kijijini. Akidumu miezi kadhaa bila kuchoka, ndipo mzazi afungue ghala kwa ajili ya chuo kilichosajiliwa. Asipodumu, mtakuwa mmejua mapema, na gunia halijatoka.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuandaa kitalu cha miti ya asili. Mpaka hapo, nawatakia kazi njema. Kwaherini.