Tamasha la Filamu la Jamii kama Njia ya Kuwaenzi Askari wa Zamani

Utangulizi

Septemba 2006, Rais Jacques Chirac wa Ufaransa alitazama filamu ya Rachid Bouchareb iitwayo Indigènes. Inawahusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigana Italia, Provence na Alsace ili kuikomboa Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Wenzao waliokuwa bado hai walikuwa wakipokea pensheni iliyogandishwa kwa sheria ya mwaka 1959, ilhali ya Mfaransa ilipanda mwaka hadi mwaka. Mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilikwisha kuamua mwaka 2001 kwamba huo ni ubaguzi, lakini tofauti iliendelea. Filamu ilipoingia katika majumba ya sinema, serikali ilitangaza kwamba pensheni za maveterani wapatao 80,000 zingelinganishwa. Malimbikizo ya nyuma hayakulipwa.

Mada hii inatetea hoja moja: tamasha la kuwaenzi askari wa zamani lipimwe kwa kile anachopata askari mwenyewe, yaani kusikilizwa, jina lake kuhifadhiwa, na haki yake kufuatiliwa.

Filamu iliyotengenezwa na askari

Ousmane Sembène wa Senegal alilitumikia jeshi la Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1988, yeye na Thierno Faty Sow walitoa Camp de Thiaroye, filamu kuhusu askari waliokuwa mateka wa Wajerumani, wakarudishwa karibu na Dakar na kudai malimbikizo ya mishahara yao. Alfajiri ya Desemba 1, 1944, jeshi lile lile walilolitumikia liliwamiminia risasi. Ufaransa ilikiri vifo 35. Wanahistoria wanasema waliouawa ni wengi zaidi.

Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Venice, lakini Wafaransa walikaa miaka mingi bila kuiona katika majumba yao ya sinema. Kwa Wasenegali, ilikuwa habari ya baba na babu zao. Mwaka 2024, miaka 80 baada ya tukio, Rais Emmanuel Macron alikiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.

Keya waliotupita

Afrika Mashariki nayo ina deni lake. Askari wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, walipelekwa Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Bama (Myanmar ya leo). Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika, kwenye tope na malaria, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Februari mwaka huohuo, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wapiga mizinga kutoka nchi zetu.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 huko Kabaw leo angekuwa amevuka miaka 100. Picha za vita vile zilipigwa na wapiga picha wa jeshi la Uingereza, na sauti inayosimulia si ya Keya. Wengi wamezikwa na simulizi zao.

Waliopo bado

Askari na wanamgambo wa Vita vya Kagera bado tunao. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania Oktoba 1978. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Mwanamgambo aliyetoka shambani akiwa na miaka 20 sasa ana miaka sitini na kitu, pengine ni jirani yako. Kila Julai 25 taifa huwakumbuka mashujaa kwa gwaride na mashada. Siku ile ni ya viongozi kuzungumza. Tamasha la filamu liwe la wazee kuzungumza.

Mapendekezo

Kwanza, filamu ipelekwe kwa watu. Tamasha la ZIFF la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limewahi kuonyesha filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba badala ya kubaki Ngome Kongwe. Projekta, jenereta na shuka jeupe kwenye uwanja wa shule vinatosha.

Pili, kila onyesho lifuatwe na baraza. Mzee akae mbele, aulizwe maswali na vijana, na aruhusiwe kukataa swali linalomtonesha. Wajane na akina mama waliobeba kaya wakati wa vita waalikwe kwa hadhi ileile.

Tatu, vijana wafundishwe kurekodi simulizi hizo kwa simu kwa ridhaa ya msimuliaji. Nakala moja abaki nayo mwenye simulizi, nyingine iende Nyaraka za Taifa.

Nne, siku ya tamasha iwekwe meza ya maofisa wa pensheni, afya na ustawi wa jamii, na madai yaandikwe hapo hapo. Kabla ya onyesho la mwaka unaofuata, waandaaji wasome hadharani madai yaliyolipwa na yale ambayo bado hayajalipwa.