Mashua Ndogo Katika Bandari ya Aden

(Hotuba ya karani mmoja, iliyosomwa barazani mbele ya machifu, walimu na wazee)



Nimeombwa niseme habari ya ulinzi, nami nimechagua habari ya bandari ya Aden, katika nchi ya Yemen. Jina hilo si geni kwetu. Tangu zamani majahazi ya pwani yetu yalikuwa yakienda pande zile kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Waingereza waliutwaa mji huo mwaka 1839, wakaushika hata mwaka 1967. Na tangu mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli nyingi zilitua hapo kutia makaa, na baadaye mafuta. Basi Aden ni mji ulioishi kwa kuwahudumia wageni wa baharini. Likumbukeni neno hili, maana nitalirudia.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2000, manowari ya Marekani iitwayo Cole iliingia bandarini humo kutia mafuta. Urefu wake ulikuwa mita 154, mabaharia wake karibu 300, na nahodha wake aliitwa Kirk Lippold. Ilikuwa na mzinga na makombora, na vyombo vya kutambua ndege ingali mbali sana. Ikafungwa kwenye gati la mafuta lililo majini, na mashua ndogo zikawa zinakwenda na kurudi, nyingine kusaidia kufunga kamba, nyingine kuchukua taka.

Hata ilipopata saa tano na dakika 18 asubuhi, ikaja mashua nyingine yenye watu wawili. Haikuwa na dalili yoyote ya vita. Mabaharia wa zamu wakadhani ni mojawapo ya zile za kuhudumu. Ilipofika ubavuni, upande wa kushoto, ikapasuka. Kumbe ilikuwa imejaa baruti kali, na wale wawili walikuwa wamekusudia kufa pamoja nayo.

Mshindo ule ulipasua chuma, ukaacha tundu la upana wa mita 12 na zaidi. Mabaharia wengi walikuwa wamejipanga kupokea chakula cha mchana. Wakafa 17, wawili kati yao wanawake, na 37 wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana, wengine hawajatimiza miaka ishirini. Waliosalia walishindana na maji siku tatu, usiku na mchana, katika joto na giza. Na pampu ziliposhindwa, wakayachota kwa ndoo. Wafaransa waliwachukua majeruhi 11 kwa ndege hadi Djibouti, na manowari za Waingereza zikaja kusaidia. Meli haikuzama. Ilibebwa hadi kwao juu ya meli nyingine kubwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini mwaka 2002.

Waliotenda jambo hilo ni watu wa Al-Qaeda, waliomfuata Osama bin Laden. Tusiseme kwamba hiyo ni habari ya mbali. Watu wa kundi hilo hilo ndio waliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Katika wote hao Wamarekani walikuwa 12 tu. Waliosalia karibu wote walikuwa ndugu zetu: makarani, wachuuzi, wapita njia, na wanafunzi. Bomu lililotegwa kwa ajili ya mgeni limemwua mwenyeji.

Sasa mtaniuliza, manowari kubwa kama ile ilishindwaje na mashua? Jeshi lenyewe la Marekani lilichunguza, likaona kwamba baadhi ya taratibu za ulinzi hazikufuatwa, ijapokuwa halikumwadhibu nahodha. Lakini mimi naona sehemu kubwa ya jibu haikuwa melini. Ilikuwa pwani.

Tarehe 3 Januari 2000, miezi tisa kabla ya Cole, manowari nyingine ya Marekani, The Sullivans, ilitia nanga Aden. Watu wale wale walishusha mashua yao majini ili waiendee. Lakini walikuwa wameipakia kupita kiasi, ikazama karibu na ufuo. Baadaye wakarudi, wakaiopoa mashua na baruti yao, wakaenda zao, wakajipanga upya. Habari hiyo haikujulikana kwa wachunguzi mpaka baada ya Cole kupigwa. Fikirini, wazee wangu: kosa lilifanyika kando ya mji wenye watu wengi, na miezi tisa ikapita bila neno kufika kwa mwenye kuweza kuzuia.

Na katika miezi hiyo hawakukaa porini. Walipanga nyumba kama watu wengine, wakanunua vitu, wakatumia majina yasiyo yao. Mwaka 2004 mahakama ya Yemen iliwahukumu watu sita kwa ajili ya shambulio lile, na wawili wao walifungwa kwa kughushi vyeti. Jambo hilo lilinichoma moyo, maana mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi. Mwenye kuandika jina la uongo kwa kupewa fedha kidogo husema moyoni, "Ni wino tu." Sivyo. Kwa wino ule mwuaji hupata nyumba na njia, na watu humwamini.

Basi, baada ya mshindo, ni nani aliyewaonyesha wachunguzi njia? Hakuwa askari. Alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Siku ile mtu mmoja alikuwa amempa fedha kidogo amwangalizie gari lake ufuoni, kisha akaingia baharini kwa mashua asirudi. Mtoto akasema aliyoyaona. Gari likapatikana, na kutoka hapo nyumba walizokaa. Vyombo vya manowari havikuwatambua watu wale. Mtoto aliwaona, akawakumbuka.

Hapo ndipo penye neno langu kwenu. Bandari, soko, au kijiji, hulindwa kwanza kwa macho ya watu wake, na macho hayafai kitu bila kinywa. Lakini kinywa hufungwa na hofu. Mtu akileta habari kwa chifu, naye akawekwa ndani kana kwamba yeye ndiye mkosaji, jirani zake wote watajifunza kunyamaza. Kwa hiyo, machifu wangu, mleta habari asifanywe mshitakiwa. Asikilizwe kwa upole, ahifadhiwe jina lake, kisha neno lake lipimwe, maana wako pia waletao uongo kwa sababu ya chuki. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kusema waliyoyaona, wala wasiongeze.

Sisemi kila mgeni ashukiwe. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wa Aden wanaijua maana yake kwa machungu. Tarehe 6 Oktoba 2002 mashua nyingine ya baruti iliipiga Limburg, meli ya mafuta ya Wafaransa, karibu na Mukalla katika nchi hiyo hiyo. Akafa baharia mmoja Mbulgaria, na mafuta yakamwagika baharini. Gharama za bima zikapanda sana, wenye meli wakazipeleka bandari nyingine. Ni nani aliyepata hasara? Ni mchukuzi wa Aden, na mvuvi wa Mukalla, na mwuza chakula kando ya gati. Waliosema wanampiga mgeni walivunja ghala la mwenyeji.

Kati ya waliotajwa kuwa wakubwa wa shambulio la Cole, Jamal al-Badawi alitoroka gerezani mwaka 2006, akauawa mwanzoni mwa mwaka 2019. Abd al-Rahim al-Nashiri alikamatwa mwaka 2002, akasomewa mashitaka Guantanamo mwaka 2011, na kesi ikakokotwa miaka mingi. Wazazi wa wale vijana 17 wamezeeka wakingoja. Hukumu ya baadaye ni ya haki, lakini haimrudishi mtu. Neno moja lililosemwa mwezi wa Januari lingaliwarudisha wote kwao.