Nyeupe Juu ya Nyeupe: Kwa Nini Mkono wa Kwanza Usifanane na wa Pili

Mada hii inahusu jambo moja la kazi ya kupuliza rangi ambalo mafunzo yetu huligusa juu juu: fundi anajuaje sehemu aliyokwisha kuipuliza na sehemu iliyobaki, pale mkono wa pili mweupe unapokwenda juu ya mkono wa kwanza ulio mweupe vilevile? Kwa brashi au rola tatizo ni dogo. Kwa mashine ni kubwa, na matokeo yake hujulikana fundi akiwa amekwisha kukunja turubali na kuondoka. Jioni, jua linapoingia kwa ubavu, mabaka hafifu hujitokeza ukutani. Darini huonekana mistari mipana isiyolingana. Pembeni rangi imerundikana ilhali katikati imepita nusu nusu. Mara nyingi lawama humwangukia fundi, kwamba ni mzembe au hajakomaa. Mimi naona kosa lilianza kabla hajashika bunduki ya rangi, pale jicho lake lilipopewa kazi lisiyoiweza. Hoja yangu ni kwamba mkono wa kwanza utiwe rangi kidogo kwa makusudi, ili wa pili uonekane unapotua, na kwamba jambo hili liwe kanuni ya kazi badala ya kuachwa kwenye hiari ya kila fundi.

Tuanze na weupe wenyewe. Rangi huwa nyeupe kwa sababu inautawanya mwanga, na mwanga hutawanyika pale unapotoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine kinachoupinda kwa kiasi tofauti. Chembe za titani dioksidi, ambazo ndizo msingi wa rangi nyeupe za leo, zina kipimo cha kupinda mwanga cha takriban 2.7. Gundi inayozishika ukutani ina takriban 1.5. Pengo hilo ni kubwa, kwa hiyo mwanga mwingi hurudishwa machoni. Chaki, ambayo viwanda huitia ili kushusha bei, ina takriban 1.6. Hii haitofautiani sana na gundi, na hata na maji yenye 1.33 haiachani mbali. Hivyo, rangi yenye chaki nyingi ikiwa mbichi huonekana nyepesi, kama maziwa yaliyozimuliwa, kisha huwa nyeupe zaidi maji yanapoondoka na hewa kuingia katikati ya chembe. Mafundi wa chokaa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na miji mingine ya pwani wanaijua tabia hii kwa ukali wake wote, kwa kuwa chokaa iliyozimuliwa vizuri hupakwa ikiwa karibu haionekani, na weupe wake huja inapokauka na kuendelea kuvuta kaboni dioksidi kutoka hewani. Maana yake ni kwamba fundi akiwa kazini hatazami rangi itakayobaki ukutani. Anatazama hali ya kupita, na hali hiyo haisemi ukweli kuhusu unene wa kilichowekwa.

Juu ya plasta ya kijivu hilo halisumbui sana, maana hata rangi nyepesi hujitenga na kijivu. Juu ya mkono wa kwanza mweupe uliokauka, kinachobaki ni tofauti ndogo mno. Jicho la mtu, penye mwanga mzuri, hutambua tofauti ya mwangaza ya karibu asilimia 1 kati ya sehemu mbili zinazopakana kwa ukingo mkali. Ukingo ukififia polepole uwezo huo hushuka sana, na kufifisha ukingo ndiyo kazi hasa ya mashine. Ncha ya mashine ya kupulizia iliyoandikwa 517, kwa mfano, hutoa upepeo wa rangi wenye upana wa inchi 10, yaani kama sentimita 25, bunduki ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani. Upepeo huo hupungua nguvu pembeni, na fundi aliyefunzwa hulaza kila mpito juu ya nusu ya mpito uliotangulia ili kingo zimezane. Brashi huacha michirizi na rola huacha vipele, na alama hizo humwonyesha mtu alipofika. Mashine haiachi alama. Kadiri ufundi unavyokuwa mzuri zaidi, ndivyo mpaka kati ya palipopulizwa na pasipopulizwa unavyozidi kufichika. Ongeza ukungu wa rangi hewani, miwani ya kinga iliyopata vumbi jeupe, na ncha ambayo imelika kwa kusuguliwa na chembe za rangi hadi tundu likapanuka na upepeo ukawa mwembamba. Fundi anaendelea na mwendo ule ule aliouzoea, huku vichochoro vikibaki katikati ya mipito bila yeye kuviona.

Wapo watakaosema kwamba fundi mzoefu haoni tabu, kwa kuwa anafuata mng'aro wa ubichi. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Rangi mbichi hung'aa hata ile ambayo ikikauka haina mng'aro, na taa ikiwekwa karibu na ukuta, ikamulika kwa ubavu mbele ya fundi, sehemu iliyolowa hutofautika waziwazi na iliyokauka. Kila fundi anayepuliza nyeupe angepaswa kuwa na taa ya namna hiyo na kuihamisha kila anaposogea, kwa sababu mwanga wa taa ya darini, au wa mchana unaoingia dirishani jua likiwa utosini, hauna ule mlalo unaohitajika. Lakini mng'aro hudai mambo matatu kwa pamoja: mwanga utoke upande mmoja, jicho liwe upande wa pili, na rangi ibaki mbichi muda wa kutosha. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, madirisha yakiwa wazi, sharti la tatu hukatika haraka. Tena mng'aro unaonyesha kwamba rangi imefika mahali; hauonyeshi kama imefika ya kutosha, maana hata utando mwembamba hung'aa. Na kwangu kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba mng'aro ni shahidi wa mtu mmoja kwa dakika chache. Msimamizi akija kesho yake hana cha kukagua. Mkono wa kwanza uliotiwa rangi hubaki ukitoa ushahidi kwa kila mtu, mchana kutwa, hata baada ya kukauka.

Kanuni hii si ngeni duniani. Wapo waliokwisha kuiandika, nao ni watu ambao wakikosea hasara yao ni chuma kuoza baharini. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, katika viwango vyake vya mwaka 2006 kuhusu upakaji wa matangi ya maji ya kusawazisha meli, linapendekeza mikono ya rangi iwe ya rangi zinazotofautiana, na linataka mkono wa juu uwe wa rangi nyepesi ili ukaguzi uwe rahisi. Unene unaotakiwa humo ni maikroni 320 ukiwa mkavu, nao hupimwa kwa vifaa. Pamoja na vifaa vyote hivyo bado wanataka jicho lisaidiwe kwa tofauti ya rangi. Ukuta wa nyumba si tangi la meli, ni kweli, lakini sababu ni moja: mtu anayepuliza hawezi kulinda asichokiona.

Mfano wa pili uko hapa hapa kwetu, nao unatumika kama hoja dhidi yangu. Wapuliziaji wa viuatilifu vya mbu majumbani, kazi iliyofanyika kwa miaka mingi Zanzibar na Kanda ya Ziwa, wanapuliza kitu ambacho hakionekani vizuri ukutani, na hawatii rangi yoyote. Wanategemea kipimo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka ncha ya bomba ikae sentimita 45 kutoka ukutani, kila mkanda uwe na upana wa sentimita 75, mikanda ipandiane kwa sentimita 5, na kila mita ya mraba ipate kiasi maalumu cha mchanganyiko. Wanafunzi hufanya mazoezi kwenye ukuta uliochorwa mistari kwa chaki huku muda ukihesabiwa. Basi kwa nini fundi rangi naye asipime tu? Nakubali kabisa kwamba apime, na vyuo vyetu vya ufundi vingefaidika kuiga ule ukuta wa chaki. Ila utando wa dawa hauhukumiwi kwa macho, ilhali ukuta mweupe unahukumiwa kwa macho kila siku na mwenye nyumba. Kipimo humhakikishia fundi wastani wa chumba kizima. Lita moja kwenye mita za mraba 10 ni maikroni 100 za ubichi, na kama asilimia 40 ya ujazo wa rangi hubaki baada ya kukauka, utabakiwa na maikroni 40. Hesabu hiyo inaweza kukaa sawa kabisa ndooni huku nyuma ya mlango pamepata 20 na kando ya dirisha pamepata 60. Tofauti ya rangi ndiyo inayotaja mahali.

Sasa pingamizi ninalolisikia zaidi: kijivu kilichotiwa kwenye mkono wa kwanza kitachungulia, na mwenye nyumba atalipia mkono wa tatu. Jibu langu lina pande mbili. Kikichungulia kwa mabaka, hapo ndipo mkono wa pili ulipopungua, na tumepata hasa tulichokitafuta. Kikichungulia sawasawa ukuta mzima, ama tumekoleza mno ama rangi yenyewe haina nguvu ya kufunika. Viwanda hupima nguvu hiyo kwa kupaka rangi juu ya kadi nyeusi na nyeupe, kisha kulinganisha mwanga unaorudi kutoka pande zote mbili. Ikifika asilimia 98 huhesabiwa kwamba imefunika. Rangi iliyo mbali na kiwango hicho ingehitaji mkono wa tatu hata juu ya nyeupe tupu, ila nyeupe ingeificha aibu hiyo kwa muda. Kwa hiyo kiasi kipimwe kwanza kwenye ubao. Paka ubao mzima mkono wa kwanza uliokolezwa, acha ukauke, puliza nusu yake mkono wa pili kamili. Mpaka kati ya nusu hizo mbili uonekane wazi kazi inapoendelea, na nusu iliyopulizwa ikauke nyeupe. Kijivu hafifu kinatosha, na nyeusi kidogo huuongezea mkono wa kwanza uwezo wa kufunika plasta. Rangi kali za nyekundu au manjano ziepukwe, kwa kuwa baadhi yake hupenya juu. Ndoo zote za mkono wa kwanza zichanganywe pamoja kabla ya kuanza, vinginevyo tutazaa mabaka mapya kwa mikono yetu.

Zipo pia rangi za kiwandani, hasa za dari, zinazopakwa zikiwa za waridi au samawati na kugeuka nyeupe zikikauka. Baadhi yake hutumia kiashiria kinachokuwa na rangi penye alkali na kuipoteza alkali inaposhuka. Ni wazo zuri kwa dari ya zamani. Kwa plasta mpya ya saruji, ambayo alkali yake ni kali kwa wiki kadhaa, nisingeshauri, kwa sababu kiashiria cha aina hiyo ndicho wahandisi hukitumia kutambua zege ambalo alkali yake ingalipo, na juu ya plasta hiyo rangi yake ingeweza kukawia kupotea. Vilevile, ikikauka imekwisha kazi, na msimamizi wa kesho hana cha kuona.

Gharama haiwezi kuwa kizuizi, maana kinachoongezeka ni rangi kidogo ya kukolezea na muda wa kukoroga. Mabaki ya mkono wa kwanza hayarudi kwenye ndoo nyeupe, hivyo eneo lipimwe mapema. Yanayobaki yapakwe stoo. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni mwenye nyumba, ambaye aliagiza nyeupe na siku ya kwanza anakuta kuta zina kijivu. Ana haki ya kushtuka. Aelezwe kabla, na jambo liandikwe kwenye mkataba: mkono wa kwanza utakuwa kijivu hafifu kulingana na ubao uliokubaliwa, ubao huo utakaa eneo la kazi hadi makabidhiano, na ukaguzi wa mkono wa pili utafanyika ukikauka, jukwaa likiwa bado limesimama na mashine haijaoshwa, ili popote kijivu kitakapoonekana parudiwe siku hiyo hiyo kwa rangi ya ndoo ile ile.