KUNUNUA FILIMBI YA PILI

Ninyi mliokaa mbele ya radio pamoja na mwalimu wenu, shikeni karatasi hii, mfuate maneno yangu kwa kidole. Nami sitakwenda mbio.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za filimbi. Sisemi filimbi ya mwamuzi wa mpira, wala ile ya mwanzi wanayopiga watoto machungani. Nasema filimbi ndefu ya madini, ile inayolazwa upande wa kulia wa uso, kama mnavyoiona katika bendi za polisi na katika makanisa kadhaa. Wengine huiita fluti. Sisi leo tutaiita filimbi, basi.

Filimbi hii ina vipande vitatu. Cha kwanza ni kichwa, chenye tundu la kupulizia. Cha pili ni kiwiliwili, chenye vifuniko vingi vya kubonyeza. Cha tatu ni mguu, kipande kifupi cha mwisho. Yakumbukeni majina haya matatu, maana tutayatumia mpaka mwisho wa somo.

Swali la leo ni hili. Mtu amejifunza miaka miwili au mitatu kwa filimbi ya mwanafunzi. Sasa anataka filimbi ya kati, yaani iliyo juu ya ile ya mwanafunzi na chini ya ile ya mafundi wakubwa. Achague ipi? Kwa mtu wa mshahara wa kawaida jambo hili ni akiba ya miezi mingi, pengine ya miaka. Akikosea, hana akiba nyingine ya kurekebisha kosa lake.

Nitaanza na habari za mama mmoja mshonaji wa nguo, aliyekuwa akipiga filimbi katika kwaya ya kanisa lao. Alinijia siku moja na filimbi yake ndani ya mfuko. Akasema, "Mwalimu, filimbi hii imenichosha. Noti za chini hazitoki. Nimeweka fedha kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Nisaidie kuchagua nyingine."

Nikamwambia, "Haya, dada, lakini kwanza tuitazame hii ya zamani."

Akanuna kidogo, maana alikuja kwa ajili ya filimbi mpya, wala hakuja kutazamiwa ile kuukuu. Hata hivyo akanipa. Nikapiga. Kweli, kuanzia F kushuka chini sauti ilikuwa dhaifu, na C ya chini kabisa haikutoka ila kwa kubonyeza vifuniko kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Nikachukua kipande cha karatasi nyembamba, ile ya kusokotea sigara. Nikakiweka chini ya kifuniko, nikafunga kifuniko polepole, kisha nikaivuta karatasi. Kifuniko kikiziba vizuri, karatasi hushikwa. Kisipoziba, karatasi huteleza na kutoka. Nikajaribu kila kifuniko, pande zote. Chini ya kifuniko cha G kali karatasi ikatoka kama uzi kwenye siagi.

Lazima niwaeleze kwa nini. Chini ya kila kifuniko mna pedi, ndiyo kijimto cha kuzibia tundu. Pedi nyingi ni za sufi ya kugandamizwa iliyofunikwa kwa ngozi laini sana, mara nyingi ngozi ya utumbo wa ng'ombe. Ngozi hiyo ni nyembamba, nayo huchanika. Tena sufi huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu. Watu wa pwani wanajua unyevu ni kitu gani. Pedi moja ikivuja katikati ya filimbi, noti zote zilizo chini yake huugua.

Tukapeleka filimbi kwa fundi, akatia pedi mpya. Mama yule akapiga C ya chini, ikatoka nene, kwa vidole vyepesi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilitaka kununua filimbi kwa sababu ya kitambaa!" Akaendelea na filimbi ile ile mwaka mzima, na fedha zake zikazidi kuongezeka.

Sina maana kwamba filimbi ya kati haina faida. Faida anaiona mtu ambaye filimbi yake ya kwanza ni nzima, naye amefika mahali ambapo inamzuia. Anataka kupiga polepole sana sauti isife. Anataka kupiga kwa nguvu sauti isipasuke. Anataka noti moja iwe na rangi mbili, ya giza na ya mwanga, na filimbi haimpi ila rangi moja. Hapo ndipo wakati wa kununua.

Mwuzaji atakuambia kwanza habari za fedha, yaani madini ya fedha. Filimbi nyingi za mwanafunzi hung'aa kama fedha, lakini ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Jina lake katika lugha za biashara ni fedha ya nikeli, au fedha ya Ujerumani, nayo haina fedha ndani yake hata chembe. Juu yake hupakwa fedha kidogo, au nikeli tu. Filimbi ya kati kwa kawaida ina kichwa cha fedha halisi, sehemu 925 katika kila 1000, na kiwiliwili chake ni kile kile cha mchanganyiko kilichopakwa. Nyingine zina kiwiliwili cha fedha pia, na bei hupanda. Basi mtu akikuambia "hii ni filimbi ya fedha," muulize, "Kipande gani?" Kisha itafute alama ya 925 kwenye kipande hicho. Ukiiona kwenye kichwa, usidhani kiwiliwili nacho ni hivyo hivyo.

Lakini je, fedha ndiyo inayoleta sauti nzuri? Wapigaji wengi wanaamini hivyo, na ukibishana nao mtakesha. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, John Coltman, alitoa habari za jaribio lake. Alitengeneza filimbi zilizo sawa kwa vipimo, moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mti, zote zikiwa na vichwa vya namna moja. Wasikilizaji hawakuona ipi inapigwa. Hawakuweza kuzitambua kwa sauti. Hata wapigaji wenyewe, walipozuiwa wasijue wameshika ipi, hawakuweza.

Jambo kubwa limo katika kichwa, tena katika lile tundu la kupulizia. Pumzi yako hugonga ukingo wa tundu hilo, ikagawanyika, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Ukingo ukichongwa tofauti kidogo tu, mlalo wake, kina chake, ukubwa wake, basi sauti hubadilika na juhudi ya mpigaji hubadilika. Theobald Boehm wa Munich, Ujerumani, ndiye aliyeipa filimbi hii umbo lake la sasa mwaka 1847. Alikuwa mpigaji, naye alikuwa amejifunza kazi ya usonara kwa baba yake. Alijua kwamba pembe ndogo ya madini yaweza kuharibu kazi yote. Kwa hiyo ukilipa fedha zaidi, hakikisha unalipia kichwa kilichochongwa vizuri. Vichwa viwili vya kiwanda kimoja, vya namna moja, vinaweza kutofautiana. Ndiyo sababu nasema usinunue kwa picha ukiweza kuepuka.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, nanyi mcheke, si neno. Nilipokuwa kijana niliona picha za wapigaji wakubwa. Filimbi zao zilikuwa na matundu katikati ya vifuniko, na mguu mrefu, na vifuniko vyote vimepangwa mstari mmoja kama askari. Nikanunua ya namna hiyo kwa mtu aliyekuwa akiiuza, bila kuipiga zaidi ya dakika tano. Nyumbani nikaona kwamba kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto hakifiki vizuri kwenye G. Tundu likabaki wazi upande mmoja, pumzi ikatoka, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Nikatia kizibo kidogo katika tundu hilo, na kizibo hicho kikakaa miaka yote niliyokuwa na filimbi ile.

Basi tuyatazame mambo hayo. Vifuniko vyenye tundu wazi humlazimisha mpigaji kuweka vidole mahali pake hasa, navyo humruhusu kutelezesha sauti na kufanya mambo mengine ya muziki wa siku hizi. Sauti yenyewe ya kawaida haiwi bora kwa sababu hiyo. Ukivitaka, nunua pamoja na vizibo vyake, uvitoe kimoja kimoja kadiri unavyozoea. Ama kifuniko cha G, kuna filimbi ambazo kimesogezwa kando kidogo kukifuata kidole, na nyingine ambazo kimo mstarini. Mwenye mkono mdogo achukue cha kando bila haya. Hakuna atakayesikia tofauti, ila mkono wake utamshukuru.

Mguu mrefu huongeza noti moja tu chini, B. Huongeza na uzito na bei. Kama unapiga nyimbo za kanisa na za bendi, waweza kupita miaka bila kuiona noti hiyo katika karatasi zako. Lakini kuna kifaa kidogo ambacho ningekilipia, nacho ni kile cha kusaidia E ya juu. Noti hiyo ni kaidi kwa sababu inapopigwa hubaki matundu mawili wazi mahali palipotakiwa moja. Kifaa hicho hulifunga moja, na E hutoka kwa utii. Wengine wanapiga vizuri bila hicho. Mimi si mmoja wao.

Siku ya kujaribu, peleka filimbi yako ya zamani, ili sikio liwe na kipimo. Usianze na nyimbo za haraka za kujionyesha. Anza na noti ndefu za chini, polepole, kwa vidole vyepesi. Panda mpaka E ya juu. Piga noti moja kwa sauti ndogo, kisha kubwa, ukisikiliza kama inapanda au kushuka. Piga C tatu, ya chini, ya katikati na ya juu, uone kama ni ndugu. Zisipopatana, tazama kwanza kizibo kilicho ndani ya kichwa. Ingiza fimbo ya kusafishia. Mstari ulio kwenye fimbo uonekane katikati ya tundu la kupulizia. Kizibo kikiwa mahali pake, umbali huo ni kama milimita 17. Mara nyingi kosa ni hilo tu. Jueni pia kwamba filimbi nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa kipimo cha A 442, na piano za kwetu nyingi ni 440. Hiyo si kasoro. Unavuta kichwa nje kidogo, mambo yanakaa sawa.

Kisha umpe mwenzako azipige filimbi hizo nyuma ya mgongo wako, usijue ipi ni ipi. Mama yule mshonaji, mwaka wake ulipotimia, alifanya hivyo. Zilikuwapo tatu, na moja ilikuwa na bamba la mdomo lililochongwa maua, kazi ya kupendeza macho. Aligeuka ukutani, akasikiliza, akasema, "Ya pili." Tukarudia kwa kuzipanga upya. Akachagua ile ile. Alipogeuka akaona ni ile isiyo na maua, ya mguu mfupi, G ya kando. Akaitazama yenye maua mara moja zaidi, akahesabu fedha zake.

Fedha zilizobaki zilimtosha kumlipa fundi kwa matengenezo ya mwaka. Nanyi ulizeni jambo hilo kabla ya kununua: fundi wa karibu ni nani, naye ana pedi na springi za filimbi hiyo? Filimbi bora iliyo mbali na fundi hunyamaza mapema kuliko filimbi ya kawaida iliyo karibu naye. Ukiagiza kutoka ng'ambo, ongeza nauli ya mzigo na ushuru wa forodha katika hesabu yako tangu mwanzo, na upate kwa maandishi kwamba waweza kuirudisha ukiijaribu na kuikataa.

Kazi ya nyumbani ni hii. Tafuteni karatasi nyembamba mjaribu kila kifuniko cha filimbi mliyo nayo sasa. Andikeni katika daftari majina ya vifuniko vinavyovuja, msome mbele ya mwalimu wenu tutakapokutana tena. Asiye na filimbi amsaidie jirani yake kuandika. Kwa herini.