Ndugu Asiyetaka Msaada
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Emali)



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya ndugu yetu, ambaye wengi wenu mwamjua kwa kumwona pale yanapoegeshwa malori. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa hotuba hii itapigwa chapa, naye kusoma anajua.

Sisi tuliozaliwa naye tu wanne. Alikuwa mpakuzi wa mizigo, mtu wa nguvu na mcheshi. Mwaka 2019 alianza kukesha akisema peke yake, tena akashika pombe. Lipi lilitangulia hatujui hata leo. Mbuzi wa mama waliuzwa mnadani mmoja mmoja.

Tulimlipia deni, akakopa jingine. Tukamwita mbele ya wazee wa mbai. Akasikiliza kwa adabu, akasema, "Nimeelewa, wazee," na usiku ule hakurudi nyumbani. Mwisho tulimfunga kamba, tukamtia garini, tukampeleka hospitali. Twalisema hili kwa aibu. Alirudi ametulia, lakini dawa alizitupa chooni, na mwaka mzima hakula chakula kilichopikwa kwetu. Alidhani tumetia kitu.

Baadaye ndipo tulipojifunza mambo ambayo ingalifaa tuyajue mapema. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilitaja wagonjwa wa namna tatu: ajaye kwa hiari, asiyeweza kutoa hiari yake, ambaye jamaa humwombea kwa maandishi pamoja na ushauri wa daktari, na wa dharura. Marekebisho ya 2022 yakazitia nguvu haki za mgonjwa. Kumbe ilikuwapo njia isiyo ya kamba! Tena wengi wetu twadhani matibabu ya akili ni Mathari tu, nyumba iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, ambayo jina lake watoto wetu hulitumia kutukania. Hali katika Makueni yetu hii baadhi ya wahudumu wa afya wa vijijini, hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wamepata kufunzwa kuutambua ugonjwa huu na kumpeleka mgonjwa kituoni.

Dada yetu mdogo hakuwa na maneno mengi. Kila asubuhi alimpelekea uji, akaunywa yeye kwanza mbele yake, akaondoka. Ilichukua miezi. Siku moja ndugu akamwuliza mbona hakutia sukari. Baada ya hapo alikubali kwenda Makindu kuonana na muuguzi, kwa sharti kwamba sisi wengine tusifuate. Tulikubali, ingawa lilituuma. Bado anakunywa, na mara mbili ameacha dawa.

Basi shauri letu ni hili. Daftari la chama lina ukurasa wa jeneza na wa gari la maiti, nasi sote huchanga bila kusukumwa. Nauli ya mgonjwa haina ukurasa. Mwaka jana ombi letu lilikataliwa, ikasemwa kwamba mtu huyu hasaidiki. Twawaomba mlipokee tena: nauli ya watu wawili kwenda Makindu na kurudi, mara moja kwa mwezi, itiwe mkononi mwa dada wala si mwake.

Na wale wanaomwuzia pombe kwa mkopo, ambao tumeketi nao humu, twawasihi watungoje nje baada ya mkutano tuzungumze.